Kitabu cha wageni ndani ya kompyuta

Niko Singida, nchi ya alizeti na upepo. Test zimeisha, sasa nimeona niwamegee historia kidogo ya kitu kinachofanya kazi kila siku kwenye mashine zetu za maabara na wengi hatukijui.

Si mnajua ukienda ofisi ya kata, hata kama unaulizia tu kama mtendaji yupo, lazima usaini kitabu cha wageni? Basi Unix nayo ililelewa hivyohivyo. Kila faili lina saa tatu: mtime, yaani lini yaliyomo yalibadilishwa, ctime, lini taarifa zake kama mwenye faili na ruhusa zilibadilika, na atime, lini lilisomwa mara ya mwisho.

Unix ilianzia Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Toleo la saba la 1979 tayari lina saa zote tatu. Huku kwetu, mwaka 1974, mwaka uleule jamaa hao walipochapisha makala yao maarufu kuhusu Unix, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Kompyuta zilipokuja kuruhusiwa, tulizipokea na mazoea yake yote.

Tatizo liko wapi? Kusoma kunazaa kuandika. Soma mafaili 1,000, hujagusa hata herufi, lakini kuna saa 1,000 za kurekebisha. Hata kama faili liko tayari kwenye RAM, bado diski itasumbuliwa. Linux huzikusanya iziandike kwa mkupuo, sawa, ila diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 hivi mpaka sehemu husika ipite chini ya kichwa, bado muda wa kichwa kusogea. Kwenye mashine ya mtumba hiyo unaisikia kabisa, kwaru kwaru!

Agosti 2007 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kiini cha Linux, alichachamaa. Alidai kuiondoa atime kungeongeza kasi kuliko maboresho yote ya miaka 10 ya namna Linux inavyotunza mafaili kwenye RAM, ukiyajumlisha.

Sasa kwa nini isifutwe tu? Kwa sababu wapo waliokuwa wanakisoma hicho kitabu. Programu ya barua pepe Mutt ililinganisha atime na mtime ya sanduku la barua ili ijue kama kuna barua mpya. Programu za kufagia mafaili ya muda nazo ziliitegemea.

Suluhu ikawa relatime, iliyoingia Linux 2.6.20 mwanzoni mwa 2007. Baadaye ikaboreshwa, na toleo 2.6.30 la Juni 2009 likaifanya kuwa kawaida. Faili likisomwa, atime inaandikwa pale tu ilipokuwa haijapita mtime au ctime, au ikiwa imezidi saa 24. Yaani mgeni anasaini mara moja kwa siku, au ofisi ikibadilika. Mutt ikapata inachotaka, diski ikapumua.

Ukiwa kwenye Linux andika mount, utaiona relatime hapo. Ukitaka kuzima kabisa ipo noatime, lakini kwanza ulizia kama hakuna programu inayosoma kitabu. Zoea la miaka 30 liliisha kwa mtu kuuliza swali hilohilo.

Nawasilisha.