Kilwa Imetutangulia Australia

Watalii wakitajiwa Tanzania huwaza kaskazini: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro. Hata sisi, tukienda likizo kwa bibi Dar es Salaam, hatushuki kusini hadi Mkoa wa Lindi, tukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji. Magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa bado yapo. UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje? Hakuna ajuaye. Lakini tukiulizwa hapa Sydney Kiswahili kinahusu nini nchi hii, tuanzie hapo. Kisha twende Kilwa.