Nyigu Aliyestaafu

Wasp, yaani nyigu. Ndivyo Waingereza walivyoiita helikopta ndogo iliyoanza kazi katika jeshi lao la majini mwaka 1963. Ilitua juu ya manowari ndogo huku meli ikiyumba, ikatumwa kuwinda nyambizi. Mapanga na mkia vilikunjwa, ikaingizwa bandani kama mwavuli.

Tarehe 25 Aprili 1982, katika vita vya Falkland, Nyigu hao pamoja na helikopta nyingine waliishambulia Santa Fe, nyambizi ya Argentina, huko South Georgia. Ikajikokota hadi Grytviken, wenyewe wakaikimbia. Mwaka 1988 Uingereza ikawastaafisha Nyigu wake.

Basi, msomaji, unadhani zote zilikatwa vyuma chakavu? Wapi! Chache zilinunuliwa na marubani wa kiraia, wakazirudisha angani bila makombora. Pesa zinawatoka kwelikweli: mafuta, mafundi, vipuri visivyotengenezwa tena. Halafu kuna hili: mapanga yamepangiwa saa za kuruka. Zikiisha, hakuna ubishi, yanatolewa. Kila saa ya angani inapunguza uhai wake.

Wengine husema, si bora ikae makumbusho? Huko itadumu, sawa, lakini itakuwa bubu. Anayeirusha anahifadhi sauti yake, na ujuzi wa mikono ya rubani na fundi. Mimi niko upande wake. Ila azihesabu saa zake vizuri, na asisahau kwamba nyigu huyu aliwahi kuuma watu.