Kisu cha safari: tazama msuka kabla ya makali

Likizo ya Disemba iliyopita niliwachukua wanangu wawili na mpwa wangu wa miaka 14 tukalale usiku mmoja shambani kwa ammi yangu, kule nyuma ya Msambweni. Tulibeba turubai, sufuria, mchele, samaki wa kukaanga na kisu kipya nilichokinunua njiani kwa haraka. Kilikuwa kinang'aa, kina meno mgongoni kama msumeno na mpini mweusi wa plastiki. Vijana walikipenda. Nami, kusema kweli, nilikipenda pia.

Jioni mpwa wangu alikuwa akipasua ukuni mkavu wa kuwashia moto. Kisu kikanasa. Alipokizungusha ili kukitoa, mpini ulivunjika pale unapokutana na bapa, mkono ukateleza juu ya makali. Tulibana jeraha kwa kitambaa safi, tukamnyanyua mkono, tukampeleka hospitali kwa bodaboda usiku ule. Alishonwa nyuzi sita. Alhamdulillahi, vidole vyake vyote vinakunjika leo. Lakini kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu mimi niliyenunua kisu kwa macho.

Tangu siku hiyo nimewauliza wahunzi, wachinjaji na wavuvi, na nimevishika visu vingi dukani kabla ya kutoa pesa. Ndugu msomaji, kama una watoto wanaopenda kwenda kambi, au wewe mwenyewe ni mtu wa shamba na bahari, haya hapa huenda yakakuokolea kidole.

Msuka kwanza

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mzee mmoja mfua chuma aliniambia neno nililolishika: "Kisu hakinunuliwi makali, mwanangu, hununuliwa msuka. Makali utayatia mwenyewe."

Kisu changu kilichovunjika kilikuwa na msuka mfupi kama kidole gumba, umechomekwa ndani ya plastiki. Kisu cha kazi ngumu chuma chake huenda kipande kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini. Ukikitazama ubavuni utaona chuma kimelala katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki, vimeshikwa kwa misumari ya ribiti. Kama mpini umefunika chuma chote, muulize muuzaji msuka unafika wapi. Akikosa jibu, kirudishe. Kishike mpini ukitikise: kikigonga au kucheza hata kidogo, hicho si chako.

Si kila kisu chenye msuka mfupi ni kibaya. Visu vya Morakniv vya Sweden, kama ule aina ya Companion, msuka wake haufiki mwisho wa mpini, na bado watu wengi duniani huvitegemea kwa kuchonga, kupara samaki na kazi ndogondogo. Lakini kwa kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu, tafuta msuka mzima.

Na kisu cha kukunja? Ni kizuri kwa kumenya chungwa. Bawaba yake ndiyo udhaifu wake, na chumvi na mchanga wa pwani huingia humo vikakaa.

Urefu na unene

Vijana hutaka kisu kirefu kama cha sinema. Bapa la sentimita 10 hivi, sawa na upana wa kiganja, linatosha karibu kazi zote za kambi. Refu zaidi ya sentimita 15 linakuwa zito na halitii mkono. Unene wa milimita 3 hadi 4 mgongoni unabeba kazi ya kuni. Ukitaka hasa kupara samaki na kukata mboga, milimita 2 na nusu ni bora, kwa sababu bapa nene hupasua badala ya kukata.

Meno ya msumeno mgongoni yaache. Hayakati mti, na yanakuzuia kubana mgongo kwa kidole au kuugonga.

Tena tusikipe kisu kazi ya panga. Dafu hukatwa kwa panga, na vichaka vya njiani pia. Ukienda shamba beba vyote viwili.

Chuma gani kwa watu wa bahari?

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na watu wa bara. Chuma cha kaboni, kama kile wahunzi wetu wa jua kali wanachofua kutoka springi za magari, hunoleka upesi na hushika makali vizuri. Adui yake ni kutu. Ukikata nacho ndimu au samaki ukakiacha usiku mmoja, asubuhi utakikuta kimebadilika rangi. Kisu kisichoshika kutu haraka kinasamehe uzembe zaidi, ingawa nacho kikilowa maji ya chumvi siku nyingi kitaingia madoa.

Ushauri wangu: wa uvuvi na ufuoni achague kisichoshika kutu. Wa shamba ambaye yuko tayari kukioshea kisu chake maji baridi yasiyo na chumvi, kukikausha na kukipaka mafuta kidogo ya nazi, chuma cha mhunzi kitamtumikia miaka na kwa bei nafuu. Usikihifadhi nyumbani ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu.

Mpini na ala

Mpini ujae kiganja, usiteleze ukilowa, na uwe na kikinga kidogo mbele cha kuzuia vidole visikimbilie makali. Ujaribu kwa mkono wenye maji. Ala nayo ikishike kisu hata ukiigeuza juu chini. Ala iliyolegea ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana inakudanganya.

Kunoa na kutumia

Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinataka nguvu, na nguvu huteleza. Nunua kinoo chenye pande mbili, mbavu na laini. Kwa pembe ya kunolea, simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, kisha kilaze nusu ya hiyo nusu. Hapo uko karibu nyuzi 22, zinatosha. Nenda na upande huu mara kadhaa, kisha ule. Malizia kwa kukipitisha juu ya mkanda wa zamani wa ngozi, ukikivuta kinyumenyume. Jaribu kwa nyanya iliyoiva, si kwa kidole gumba.

Wafundishe watoto kukata kuelekea nje ya mwili, wasichonge kitu juu ya paja, maana hapo pana mshipa mkubwa wa damu, na asiwepo mtu ndani ya urefu wa mkono. Kisu kikinasa ndani ya ukuni kisizungushwe; gongeni ukuni.

Na wanaonunua kisu wakiwaza Idd, tusisahau kwamba Mtume (SAW) alituamrisha kunoa kisu ili mnyama asiteseke. Kinolewe kabla, mbali na macho ya mnyama.

Usikibebe ovyo

Hili nalisema kwa uzito. Kisauni na Likoni tumeona magenge ya vijana wenye mapanga yakiumiza watu, na kijana wetu akikutwa na kisu kiunoni mjini hakuna atakayemuuliza habari za kambi. Sheria ya Kenya haikubali mtu kubeba silaha mahali pa umma bila sababu halali. Kisu kiwe ndani ya ala, chini kabisa ya begi, pamoja na vitu vingine vya safari, na mkubwa ndiye akibebe. Ukipanda ndege, kisiingie kwenye mkoba wa mkononi.

Vilevile, kuwa na kisu si ruhusa ya kukata mti. Mikoko, msitu wa Arabuko-Sokoke na makaya ya Wamijikenda yana ulinzi wake. Matawi makavu yaliyoanguka, makumbi na vifuu vya nazi vinawasha moto wa kutosha.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mpwa wangu ameniomba turudi Msambweni likizo ijayo, inshallah. Safari hii kisu kimetoka kwa mhunzi, msuka wake nimeuona kwa macho yangu kabla hajaufunika mti, na makali atayatia yeye mwenyewe nikiwa nimekaa kando yake.