BONDIA WA UZITO WA JUU ALIKUWA KWENYE UBORA WAKE LINI? TUACHE KUBISHANA KWA UMRI

Wadau, ubishi wa ngumi ukianza kijiweni haukosi sentensi hii: "Aah, huyo alimpiga akiwa ameshaisha." Ukisema Larry Holmes alimpiga Muhammad Ali, unajibiwa Ali alikuwa kaisha. Ukisema Lennox Lewis alimlaza Tyson mwaka 2002, jibu ni hilo hilo. Ukirudi nyuma mpaka 1951, Rocky Marciano anamtoa Joe Louis ulingoni, napo hivyo hivyo. Mara nyingine ni kweli kabisa, Louis usiku ule alikuwa na miaka 37 na alikuwa amerudi kupigana kwa sababu ya deni la kodi. Lakini neno hilo likiachwa litumike ovyo linageuka kichaka cha kujifichia. Kila bondia tunayempenda akipigwa, basi alikuwa ameisha, na aliyeshinda anabaki hana alichoshinda. Hiyo si haki.

Sasa tupime vipi? Wengi wanaanza na umri. Umri unadanganya. Mike Tyson alipopigwa na Buster Douglas pale Tokyo, tarehe 11 Februari 1990, alikuwa na miaka 23 tu. Wladimir Klitschko kinyume chake: alipigwa na Corrie Sanders mwaka 2003 ndani ya raundi mbili, akapigwa na Lamon Brewster 2004, wakati huo ana miaka 26 na 28, umri ambao vitabuni ndio wa nguvu. Watu wakamzika. Akaendelea na kocha Emanuel Steward, akabadilika: mkono wa kushoto unanyooka muda wote, adui akisogea anakumbatiwa. Akachukua mkanda Aprili 2006 na hakupoteza mpaka Novemba 2015 mbele ya Tyson Fury. Yaani ubora wake ulianza alipofika 30. Kama unampima kwa umri unamkosa kabisa.

Uzito je? Nao unadanganya. Ali alipopigana na Foreman mwaka 1974 alikuwa na kilo kama 98. Alipopigana na Holmes, Oktoba 1980, uzito wake ulikuwa karibu ule ule, tofauti haikufika kilo moja. Ukimtazama kwenye picha kabla ya pambano alikuwa amependeza, tumbo hakuna. Watu wakasema mzee karudi. Kumbe ule mwili ulikuwa umepungua pamoja na dawa za tezi alizokuwa anameza, nguvu ndani hazikuwepo. Kocha wake Angelo Dundee akamtoa baada ya raundi ya 10. Ndiyo mara pekee maishani Ali alishindwa kumaliza pambano.

Kwa hiyo twende kwenye kinachoonekana ulingoni: miguu, macho, na ngumi ngapi unakula. Hapa Ali ndiye mfano mzuri kuliko wote kwa sababu tuna Ali wawili. Kati ya Machi 1966 na Machi 1967 alitetea ubingwa mara saba ndani ya muda usiofika mwaka. Siku hizi bingwa akipigana mara mbili kwa mwaka tunashukuru! Ali wa wakati ule hakuwa anaziba uso, mikono ipo kiunoni, ngumi inakuja yeye anarudisha kichwa nyuma inapita hewani. Watu wengi wanataja usiku wa 14 Novemba 1966 pale Houston, alipomwangusha Cleveland Williams akamaliza raundi ya tatu, kuwa ndiyo Ali bora kabisa.

Mimi hapo nina shaka kidogo. Si kwa Ali, kwa Williams. Yule bwana alikuwa amepigwa risasi na askari mwaka 1964, akafanyiwa upasuaji mkubwa na kupoteza figo moja. Halafu tunamtumia kama kipimo? Ukiangalia mkanda wa pambano lile unaona kasi ya Ali, sawa, lakini huoni Ali akiulizwa swali gumu. Ndiyo maana mimi natazama zaidi pambano lililofuata, Februari 1967 dhidi ya Ernie Terrell. Terrell alikuwa mrefu kuliko Ali, hajapoteza kwa miaka kadhaa, na Ali alimchezea raundi zote 15 bila kuchoka. Kipimo cha bondia lazima kiangalie na hali ya aliyesimama mbele yake.

Baada ya Zora Folley, Machi 1967, Ali akakataa kuingia jeshini, akanyang'anywa leseni na ubingwa. Akarudi Oktoba 1970 dhidi ya Jerry Quarry. Hesabu mwenyewe: miaka mitatu na miezi saba, kutoka miaka 25 mpaka 28. Ukiuliza kilele cha Ali kilikuwa lini, jibu la uchungu ni kwamba inawezekana hatukukiona kabisa.

Ali aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Miguu ilicheza raundi chache, kisha anasimama, anaegemea kamba. Machi 1971 Joe Frazier akampiga kwa pointi na kumdondosha raundi ya 15. Je, Frazier alimpiga Ali aliyeisha? Hapana, na hapa ndipo tunapomwonea Frazier. Ali alikuwa na miaka 29, ameshapigana mapambano mawili baada ya kurudi, likiwemo la raundi 15 na Bonavena. Hakuwa yule wa 1967, lakini alikuwa mzima. Na Frazier wa usiku ule hajapoteza hata pambano moja. Mpeni haki yake.

Halafu kuna kosa jingine: kuchanganya ubora na ushindi mkubwa. Kinshasa, 30 Oktoba 1974, Ali ana miaka 32, Foreman ana 25 na ameshinda mapambano yake yote 40, 37 kwa kumaliza mapema. Ali akamaliza kazi raundi ya nane. Ni ushindi mkubwa kuliko wowote alioupata, lakini mwili haukuwa kwenye kilele. Alishinda kwa akili, na kwa kukubali kupigwa. Ali wa 1967 asingehitaji kukaa kwenye kamba. Na zile ngumi alizokubali baada ya kurudi, kuanzia Frazier, Norton, Manila 1975, mpaka Earnie Shavers 1977, zilikuwa na gharama. Daktari wake Ferdie Pacheco aliondoka kambini baada ya pambano la Shavers kwa sababu majibu ya vipimo vya figo yalimtisha na hakuna aliyemsikiliza. Ali akapigana mara nne zaidi. Mwaka 1984 ikatangazwa ana Parkinson.

Tumalizie na Tyson, maana najua ndiye mnayemsubiri. Kwangu kilele chake ni 27 Juni 1988, alipommaliza Michael Spinks, bingwa ambaye hajawahi kupoteza, kwa sekunde 91. Mwaka huo huo akaachana na kocha Kevin Rooney. Angalia Tyson wa kabla: kichwa hakitulii, ngumi zinakuja kwa mfululizo, mbavu kisha kidevu. Angalia Tyson wa Tokyo: kichwa kimesimama wima, anatafuta ngumi moja. Kona yake haikuwa hata na chuma cha baridi cha kushushia uvimbe, wakatumia glavu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu. Umri miaka 23, lakini ubora umeshapita mwaka mmoja na nusu. Hata hivyo Douglas asinyang'anywe chake. Aliangushwa raundi ya nane akainuka, akammaliza Tyson raundi ya kumi, wiki chache tu baada ya kumzika mama yake. Anayesema Tyson alikuwa kaisha siku ile atuambie kwanza ni nani mwingine alikuwa ameligundua hilo kabla ya kengele kulia.