Tangu Jenereta ya Sultani hadi Kipevu: Historia ya Kuulinda Mtambo Unaozunguka

Umeme wa Mombasa ulianza kwa mtambo uliokwisha kufanya kazi kwingine. Historia rasmi ya Kenya Power husema kwamba Sultani Barghash wa Unguja alipata jenereta mwaka 1875 ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi, ikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983.

Husimuliwa hivyo, kwa majina ya wenye mali. Lakini taa zilizowaka kuanzia Ndia Kuu hadi Makupa zilitegemea pia kazi isiyotajwa sana: kuichunga shafti ya mtambo isivunjike.

Kila chuma kinachozunguka hutetema, kwa kuwa hakuna kilichosawazishwa kikamilifu. Tazama pangaboi lenye bawa moja lililopinda: likienda polepole huvumilika, likikazwa mwendo dari nzima hutikisika. Nguvu inayovuta upande huongezeka mara nne kasi inapozidi mara mbili. Jenereta kubwa ya mvuke kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na shafti yake ina uzito wa tani nyingi. Hapo kasoro ndogo kuliko unene wa unywele yatosha kuila beringi inayoishikilia.

Mwaka 1869 mhandisi wa Scotland, William Rankine, alieleza kwamba kila shafti ina kasi yake ya hatari, na akaamini kuwa haiwezi kuvukwa. Msweden Gustaf de Laval alionyesha vingine miaka ya 1880. Alitumia shafti nyembamba inayopindika, akaipitisha haraka kwenye kasi ile, nayo ikatulia upande wa pili. Mwaka 1919 Henry Jeffcott alitoa hesabu iliyoeleza kwa nini hutulia.

Karakana, hata hivyo, hazikungoja hesabu. Fundi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini sikioni, akasikiliza. Kwa sikio na kiganja alijua mlio wa afya na mlio wa maradhi. Udhaifu wa ujuzi huo ni kwamba haukuachwa kwenye karatasi. Fundi akistaafu, huondoka nao. Mwaka 1939 Mmarekani T. C. Rathbone alichapisha mwongozo uliopima mtetemo kwa viwango: huu wavumilika, huu urekebishwe, huu ni wa kusimamisha mtambo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuupa mtambo uwezo wa kujizima. Mwaka 1961 Donald Bently alianzisha kampuni ya Bently Nevada katika mji mdogo wa Minden, Marekani. Kifaa kilichoipa sifa ni kihisi kisichogusa shafti. Koili yake hutoa uga wa sumaku, na shafti inaposogea, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, umeme ndani ya koili hubadilika. Vihisi viwili huwekwa kwenye kila beringi, vikiachana kwa pembe ya digrii 90. Moduli iliyo kwenye kabati husoma vyote mfululizo. Kiwango cha kwanza kikipitwa, kengele hulia. Cha pili kikipitwa, mtambo huzimwa bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mwaka 1976 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kanuni za mifumo hiyo, API 670, ambazo viwanda vya mafuta na umeme duniani huzifuata.

Huko Mombasa, upande wa pili wa bandari ya Kilindini, kituo cha umeme cha Kipevu kilikuwa na mitambo ya mvuke iliyochoma mafuta mazito, kisha ikaja ya dizeli. Kipevu III ya kampuni ya KenGen, yenye injini za Wärtsilä na uwezo wa megawati 120, ilikamilika mwaka 2011. Dizeli ina pistoni, hivyo mtetemo wake ni wa asili nyingine. Katika injini kubwa za aina hiyo hupimwa pia turbochaja, joto la beringi na ukungu wa oili ndani ya injini, kwani ukungu huo huweza kulipuka.

Kifaa peke yake hakitoshi. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, mtambo namba 2 uliachwa ukifanya kazi ilhali mtetemo wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Boliti za kifuniko zilizochoka zikakatika, maji yakafurika, na watu 75 wakafa.

Mji unaokereka kila umeme ukikatika huweka shinikizo kwa msimamizi apandishe kiwango cha kuzima au aipuuze kengele. Shinikizo hilo lina kinga moja tu: fundi anayejua anachokisoma, na mkubwa anayemwamini. Kisiwa cha Mombasa kimewahi kuwekeza kwa watu wa aina hiyo. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa (MIOME), iliyoko Tudor, ilipokea wanafunzi mwaka 1951 na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Vijana wake wafundishwe kusoma mtetemo kwa namba na kwa sikio, na wapewe mamlaka ya kusema mtambo usimame.