Ukichanganya Kizungu umesoma, ukichanganya Kiluhya umeshrub. Nani aliamua?

Kuna kitu wasee wa Kakamega tunakijua vizuri. Ukisema "maze, alinicall nikiwa kwa meeting", hakuna mtu anageuza shingo. Hicho ni Kiswahili cha kila siku. Lakini ukisema "papa" badala ya "baba", chumba kizima kinacheka. Umeshrub. Zote mbili ni lugha moja imeingia ndani ya nyingine, sasa mbona moja inakupandisha na nyingine inakushusha? Hiyo si maumbile. Ni historia, na ina tarehe zake.

Kwanza tuongee kuhusu kuchanganya kwenyewe, juu kuna watu wazima hudhani kulianza na simu. Mumias haiko mbali na hapa kwetu Bukura. Karne ya 19 huo mji ulikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, kabla Waingereza hawajaweka ofisi yao hapo miaka ya 1890. Walileta maneno ambayo hata wao waliyaokota kwingine: kitabu ni Kiarabu, meza ni Kireno, gari ni Kihindi. Kiluhya kikayapokea na kuyavalisha nguo zake, tukapata eshitabu na emesa. Halafu misheni zikaja: Wakweka Kaimosi 1902, Wakatoliki wa Mill Hill Mumias 1904, Waanglikana Maseno 1906. Wakajenga shule, na sisi tukaiita isukulu. Leo hakuna kukhu anayeambiwa ameharibu lugha kwa kusema emesa.

Na "alinicall" iko hivyo hivyo. Angalia vizuri: a-, -li- na -ni- zote ni Kiswahili. Kiingereza kimechangia mzizi peke yake. Carol Myers-Scotton, mtaalamu wa lugha aliyerekodi mazungumzo ya watu wa Nairobi, alieleza kwenye kitabu chake Duelling Languages cha 1993 kwamba watu wakichanganya, lugha moja ndiyo hutoa fremu ya sentensi na nyingine inaingiza maneno ndani. Kwa "alinicall", dereva ni Kiswahili. Kiingereza ni abiria.

Isitoshe, hii haiko Kenya pekee. Hong Kong ilitawaliwa na Uingereza mpaka 1997, na watu wa huko huongea Kikantoni wakipachika Kiingereza ndani kutwa nzima. Hata gari la abiria huliita karibu vile sisi tunaliita, basi, kwa sababu wote tuliokota neno moja kwa Mwingereza mmoja. Kichina kilifanywa lugha rasmi ya huko, kando ya Kiingereza, mwaka wa 1974. Mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, Mzee Kenyatta aliagiza Bunge letu lianze kutumia Kiswahili. Mahali popote Mwingereza aliketi, watu wamechanganya. Kwa hivyo uvivu wa vijana hauhusiki hapa.

Sasa aibu ilitoka wapi? Ilitoka darasani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwenye Decolonising the Mind, 1986. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari 1952, shule yake ilihamia Kiingereza. Mtoto aliyeshikwa akiongea Kikuyu alichapwa au kuvishwa bamba shingoni, na kulikuwa na kifungo kilichopitishwa mkono kwa mkono ili watoto wawindane wenyewe.

Uhuru ulikuja, lakini Tume ya Ominde ya 1964 ikapendekeza Kiingereza kifundishie kuanzia darasa la kwanza. Mtihani wa CPE ulikuwa na Kiingereza, hesabu na jenero pepa. Kiswahili kilingoja mpaka 8-4-4 ya 1985 ndipo kikawa cha lazima na cha kutahiniwa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisema madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo. Kwa karatasi ilikuwa sawa. Lakini mimi nimezaliwa miaka ya 2000, na bado nilivaa diski darasa la nne, kibao kwa kamba, juu nilimuomba mwenzangu kalamu kwa Kiluhya na yeye akanichoma.

Ukijua hiyo, kile kicheko kinaeleweka. Neno la Kizungu ndani ya Kiswahili ni ushahidi kwamba ulikaa darasani. Sauti ya Kiluhya ndani ya Kizungu ni ushahidi kwamba diski haikumaliza kazi yake kwako.

Na hiyo sauti si ujinga, ina kanuni. Katika lahaja nyingi za Kiluhya, "b" ngumu husikika baada ya "m", kama kwa imbwa. Ile "b" ya Bukura, mwenyeji akiitamka, ni laini, midomo haifungi kabisa. Kwa hivyo tukikutana na "b" ngumu peke yake, ulimi unachukua "p" iliyo karibu. Halafu "papa" kwetu ni neno kamili, maana yake ni baba! Nchi nzima ilimpenda Papa Shirandula wa Charles Bukeko, lakini sehemu ya kicheko ilikuwa ile lafudhi.

Kuna kampuni ilinipa kazi ya kutangaza bidhaa yao, wakanirudishia video mara mbili kwa sababu ya "b" yangu. Maneno ya Kizungu niliyokuwa nimejaza humo hakuna aliyeyagusa.

Lakini hasara kubwa haiko kwa mfuko wangu. Kakamega mjini kuna watoto ambao baba na mama ni Waluhya na wao hawajui hata kusalimia kukhu. Uliza wazazi sababu, utaambiwa: "Asije akashrub." Huyo mtoto hachanganyi lugha. Kuchanganya kunahitaji uwe na mbili, na yeye amefichwa moja kabla hajaijua.

Kwa hivyo wale wa kutuambia tuache "alinicall" wanalinda mlango usio na mwizi. Kiswahili kimemeza Kiarabu, Kireno na Kihindi, na bado kinaendesha. Lugha zetu za nyumbani ndizo ziko hatarini, na zinauawa na aibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaipa serikali kazi ya kuzikuza na kuzilinda. Poa, tuidai. Lakini zile komenti za kucheka mtu akisema "papa" haziandikwi na serikali. Ni sisi huziandika.