Shingo na Fuvu Barabara ya Jogoo

Enzi za ukoloni Barabara ya Jogoo, Nairobi, iliitwa Doonholm Road. Ndiyo iliyowapeleka kazini wakazi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na majirani zao wa Makongeni, mtaa wa watu wa reli. Aliyegongwa hapo akaumia kichwa ilibidi avushwe mji hadi hospitali kuu, ile iliyoanza 1901 na leo inaitwa Kenyatta. Hata huko, bingwa wa kupasua ubongo alichelewa kupatikana: Mwitaliano Renato Ruberti alifika Nairobi 1967.

Matatu zilipohalalishwa 1973, ziligeuka pia kuwa ambulensi za Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Watu wanne wanamwinua majeruhi, wawili makwapani, wawili miguuni, kichwa kinaning'inia nyuma. Analazwa sakafuni kati ya viti, makanga anagonga bodi, gari linaondoka. Wana huruma ya kweli, lakini shingo huenda imevunjika.

Ndiyo maana kola ngumu ya shingo ilipokelewa kama mkombozi. Kwa miaka mingi wahudumu wa dharura duniani walifundishwa kumvisha kola hiyo karibu kila aliyeumia kichwa.

Lakini kola ina tatizo, nalo liko ndani ya fuvu. Alexander Monro wa Edinburgh aliandika 1783 kwamba fuvu ni chombo kisichotanuka. Ubongo ukivimba, damu iliyotumika lazima ipate pa kushukia, nayo hushukia kwenye mishipa mikubwa ya shingo, palepale kola inapokaza. Watafiti waliopima waliona shinikizo la ndani ya fuvu likipanda kwa milimita 4 hadi 5 za zebaki. Kwa mwenye afya ni kidogo. Lakini kiwango cha kawaida hakizidi 15, na likipita 22 madaktari huanza kulishusha. Kwa ubongo uliokwisha kuvimba, nyongeza hiyo ni mzigo mkubwa.

Huko barabarani, kodi ya pikipiki ndogo iliondolewa 2008, nduthi zikajaa mitaa ya Kayole, Umoja na Dandora. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilisogeza matibabu karibu, ila kwa wengi wanaohitaji upasuaji wa ubongo safari ya Kenyatta ilibaki, pamoja na foleni zake za magari. Katika foleni hizo kola iliyokazwa kupita kiasi inazidi kubana.

Siku hizi baadhi ya nchi zimeanza kupunguza matumizi ya kola. Badala yake, machela nzima huinamishwa, upande wa kichwa ukiwa juu kama digrii 30, bila kukunja mgongo. Shingo hunyooshwa sawa na kiwiliwili. Kabla machela haijafika, mtu mmoja hupiga magoti nyuma ya majeruhi, viganja viwili kando ya masikio, asikiachie kichwa.